Kibanzi, Boriti na Chipsi

Omurushaka ni njia panda. Barabara moja inatoka Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe. Nyingine inaelekea Nkwenda na Kaisho hadi Murongo, mpakani na Uganda, ndani ya wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Jua linapotua, kando ya njia panda hiyo huwashwa majiko ya mkaa, na juu ya majiko hayo mafuta huanza kulia. Nilisimama mbele ya mojawapo. Kijana mwenye kikaango alinisalimu kwanza, kama alivyolelewa:

"Shikamoo, mwalimu. Kavu au zege?"

"Marahaba. Kavu."

Akanipa sahani ya chipsi, kachumbari pembeni, na badala ya uma akanichomekea kijiti cha kuchokolea meno. Nikala huku nikikitazama kile kijiti. Nilikuwa nimeshika kipande chembamba cha mti, nacho nikachomea vipande vyembamba vya kiazi. Na nilijua kwamba katika Kiingereza, lugha iliyotupa jina la chakula kile, kijiti na kiazi vingeweza kuitwa kwa neno moja. Kwetu havina hata herufi moja ya pamoja kwa maana. Makala haya yanataka kuuliza ni nini kilichopotea njiani, ni nini kilichopatikana, na kwa nini jambo hilo limhusu msomaji wa mashairi aliyeko kisiwani, mbali na Ziwa Viktoria na migomba yake.

Tuanze na asili. Kamusi za asili ya maneno hulirudisha neno "chip" kwenye Kiingereza cha kale, ambako "cipp" lilikuwa gogo au boriti. Wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kilatini "cippus", yaani nguzo iliyosimikwa, jambo ambalo likiwa kweli basi Waingereza nao waliazima. Baadaye, pamoja na kitenzi cha kukata na kuchonga, jina likahama kutoka kwenye kinachochongwa likaenda kwa kinachoruka shoka linapopiga. Neno lililokuwa boriti likawa kibanzi. Msomaji wa Injili ya Mathayo atatabasamu hapa, kwani anakumbuka mfano wa mtu anayekiona kibanzi katika jicho la mwenziwe ilhali boriti iliyo katika jicho lake haioni. Waingereza wamezibeba ncha zote mbili za mfano huo katika historia ya neno moja.

Tangu hapo neno halikutulia. Shakespeare, katika soneti yake ya 128 iliyochapwa mwaka 1609, alilitumia kuvitaja vibao vya kinanda vinavyorukaruka chini ya vidole vya mpenzi. Mwaka 1859 Charles Dickens, katika riwaya yake ya miji miwili, London na Paris, alilipeleka kwenye viazi vilivyokatwa na kukaangwa kwa mafuta. Mwaka 1958 mhandisi wa Marekani, Jack Kilby, alitengeneza sakiti nzima ya umeme juu ya kipande kimoja kidogo, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000, na kitu hicho nacho kikaitwa kwa jina lile lile, kwa kuwa hukatwa kutoka kwenye sahani kubwa nyembamba kama kibanzi kinavyotoka kwenye gogo.

Katika safari hiyo kuna jambo ambalo mhakiki hana budi kulisisitiza. Kibanzi cha kwanza kilikuwa taka. Fundi alitaka boriti. Kilichoruka kilifagiwa au kilitiwa motoni. Kwenye kiazi mambo yakageuka: kilichokatwa ndicho kinachotakiwa, na kiazi kizima hakitajwi tena. Kwenye kompyuta yakageuka zaidi: kibanzi kikawa ubongo wa mashine. Neno lilianza likiwa mabaki na likaishia kuwa kiini. Mwingereza wa kawaida hafikirii hayo anapokula, lakini lugha yake humfikiria. Uzi haujakatika, na mshairi wake akitaka kuuvuta anaukuta mahali ulipo.

Kwetu uzi ulikatika bandarini. Tulilipokea neno likiwa katika wingi wake, na alama ya wingi wa Kiingereza tukaifanya sehemu ya shina, kama tulivyofanya kwa soksi. Tukaongeza irabu mwishoni, tukaliweka katika ngeli ya N, na kazi ikaisha. Hatuna "chipu" ya kiazi. Nilipata kuwauliza wanafunzi wa kidato cha pili huko Karagwe umoja wa chipsi ni nini. Mmoja akasema ni "chipsi moja". Wa pili akasema ni "sahani". Wa tatu, aliyeketi nyuma, akasema chipsi hazina umoja kwa sababu hakuna mtu anayenunua moja. Darasa lilicheka, lakini jibu lile lilikuwa la mwanasarufi.

Miaka mingi baadaye umoja ulikuja peke yake, kwa mlango mwingine, ukiwa umevaa koti la mafundi: chipu ya simu, chipu ya kadi ya benki. Kwa hiyo neno moja la Kiingereza limetuzalia maneno mawili yasiyojuana. Hakuna mtoto wa Kayanga wala wa Mkunazini atakayehisi kwamba chipsi ni ndugu wa chipu, na kwamba wote wawili ni wajukuu wa gogo.

Wapo wasomi ambao, kwa kuona hivyo, hutuita turudi nyumbani. Wanatukumbusha kwamba Kiswahili kina kibanzi, na kwamba wenzetu wa Kenya husema na kufundisha vibanzi pale Mtanzania anaposema chipsi. Hoja yao ina uzito. Kibanzi ndilo neno lenye nasaba ile ile: kipande chembamba kilichobanduka kwenye mti. Ukitafuta tafsiri inayofuata njia ya fikra na si sauti tu, huwezi kupata iliyo bora zaidi. Hata hivyo upande wetu wa mpaka halikukaa. Muuzaji wa Omurushaka ukimwomba vibanzi atakuonyesha kuni.

Mimi nadhani sababu si uvivu wa wananchi, kama inavyodaiwa. Kwa Mtanzania kibanzi bado kinachoma. Ni kitu cha kuingia jichoni au chini ya ukucha, na tafsiri ya Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imekikaza katika masikio ya vizazi kuwa ni kitu cha kutolewa mwilini. Kukitia kinywani kunahitaji ulimi usahau kwanza. Huko Kenya shule na vyombo vya habari vimeusaidia ulimi kusahau. Kwetu havikufanya hivyo. Neno halihukumiwi kwa nasaba yake peke yake. Huhukumiwa pia kwa kumbukumbu ambayo wasemaji wake bado wanayo mwilini.

Tena wanaolia kwamba chipsi ni neno la kigeni wangetazama sahani zao wenyewe. Sisi wa visiwani kiazi chenyewe tunakiita mbatata, neno lililotufikia kwa Wareno. Mombasa wanakaanga kachri za muhogo, vipande vyembamba kama karatasi, na jina hilo lilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Hakuna anayezionea haya. Zimekaa muda wa kutosha, zimeoa na kuolewa, na hakuna tena anayekumbuka mahari ililipwa kwa sarafu gani. Kosa la chipsi ni umri wake tu.

Basi swali la kweli halihusu uzawa wa neno. La msingi ni kama neno linazaa, na hapo ndipo yule kijana wa kikaango anapotupa somo. Aliniuliza: kavu au zege? Zege ni chipsi zilizofungwa kwa mayai zikawa kitu kimoja kizito. Jina hilo la mitaani lina akili iliyofichika. Zege la mjenzi ni kokoto zilizoshikwa na saruji, na kokoto ni vipande vya jiwe vilivyovunjwa kwa nyundo. Aliyeibuni tamathali hiyo hakusoma Kiingereza cha kale. Lakini aliitazama sahani akaona mabanduko yaliyotawanyika na kitu kinachoyafunga. Akalirudishia neno chipsi ile maana ya kipande iliyokuwa imeanguka bandarini. Kazi iliyowashinda watunzi wa istilahi ilifanywa na watu wenye njaa. Mimi naihesabu kuwa ni ushairi, na ni ushairi mzuri.

Uzao wa pili unaonekana Karagwe na Kyerwa kuliko mahali pengi. Hii ni nchi ya migomba. Ndizi huliwa pamoja na maharage, na ndizi za pombe hutengenezewa rubisi. Kwa hiyo chipsi zilipofika zilikuta mwenyeji mwenye nguvu. Zikalazimika kukaa naye. Leo mtu anasema chipsi ndizi, na wengine chipsi muhogo, na hakuna anayehisi mgongano. Maana yake ni kwamba neno limeacha kuwa jina la kiazi. Limekuwa jina la namna ya kukata na kukaanga. Limepanda kutoka kwenye kitu hadi kwenye ufundi. Neno likifika hapo limekwisha kuwa letu, na barua za malalamiko hazitalirudisha lilikotoka.

Lakini nisionekane kana kwamba namshangilia mshindi tu, maana upande wa pili wa mizani upo. Mwenyeji naye ana maneno, na maneno yake hayana majiko ya barabarani ya kuyatangaza. Lugha ya Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa ni ndugu wa karibu wa Kihaya na wa Kinyankore. Katika lugha za ukoo huo seremala ni omubaizi, mtu wa kuchonga. Waganda, majirani wa upande wa kaskazini, wanacho kitenzi hicho kwa umbo la kubajja, na kutokana nacho wamepata ekibajjo, kibanzi kinachoruka kutoka kwenye mti unaochongwa. Tazama jinsi neno linavyosimama kwa miguu yake: kitenzi kipo, fundi yupo, mabaki yapo, na mtoto anayasikia yote matatu kwa pamoja. Ndicho alichonacho Mwingereza, na ndicho tulichokikosa tulipopokea chipsi bila shoka lake.

Na pana chombo kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko nadharia. Rubisi hutengenezwa katika gogo lililochongwa likawa na tumbo. Ndani yake ndizi mbivu hukamuliwa pamoja na nyasi, mtama ukatiwa, na pombe ikaachwa ichachuke. Gogo hilo huitwa obwato, jina lile lile la mtumbwi. Mchongaji anapolitoboa, vibanzi hulijaza eneo lote la kazi, na kinachobaki ndicho chombo. Hapo kuna njia mbili za kulitazama gogo moja: unaweza kukiangalia kilichotoka, au kilichobaki. Kiingereza kilikifuata kilichotoka hadi kikafika kwenye kompyuta. Watu wa maziwa makuu walikifuata kilichobaki hadi wakapata chombo cha kuvukia maji na chombo cha kunywea pamoja. Lugha mbili hazitofautiani kwa sauti tu. Hutofautiana kwa kile zilichokiokota baada ya shoka kutua.

Kiswahili cha pwani nacho kilikuwa na macho makali kwa vipande. Kigerenyenza ni cha kioo au chombo kilichovunjika. Ubale ni wa muhogo au ndizi iliyokatwa nyembamba. Chenga ni za mchele. Uchane ni wa jani lililochanwa kwa kusukia ukili, na mwenzake wa umbo, chane, ni safu ya ndizi kwenye mkungu. Makopa ni muhogo uliokatwa ukaanikwa. Kila neno lina mwenye nalo: mpishi, mtwangaji, msukaji, mkulima. Huwezi kuyabadilishana, kama usivyoweza kumpa msukaji kisu cha muuza samaki. Yanapokufa, hayafi kwa kuuawa na chipsi. Hufa kwa sababu ufundi uliokuwa ukiyalisha umekoma, au kwa sababu sisi waandishi tumeridhika na "kipande", neno linalofaa kila mahali na lisiloonyesha kitu popote.

Karagwe inajua jinsi neno linavyoweza kufuata kitu kaburini. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliosababishwa na bakteria ulithibitishwa mkoani Kagera, wilayani Muleba, na baadaye ukaenea. Mkulima aliyepatwa nao hana dawa ya kunyunyiza. Hung'oa mgomba, huzika au huacha uoze mbali, na husafisha kisu chake asije akaambukiza mwingine. Migomba ya mkoa huo haikuwa migomba tu. Kuna enshakala, kuna entobe, kuna enchoncho, kila mmoja na ladha yake. Shamba likipandwa upya kwa mbegu moja, majina mengine hukosa mahali pa kusimama. Mtoto atakayekulia hapo atajua ndizi, na atajua chipsi ndizi. Hatajua kwamba alikuwa na kumi.

Ndiyo maana naiheshimu kazi ya Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandaa msamiati wa Runyambo kwa Kiswahili na Kiingereza, na kisha sarufi ya lugha hiyo iliyotoka mwaka 2005. Vitabu vya namna hiyo havisomwi kitandani, wala havipigiwi makofi. Lakini ni ghala. Na naiheshimu zaidi kazi ya Aniceti Kitereza, mzee wa kisiwa cha Ukerewe, lugha ya kwao ikiwa jamaa wa hizo za Kagera. Alimaliza kuiandika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu na kufa kwake. Wengine waliilaumu kwa kwenda polepole na kueleza mno: jinsi ya kulima, kupika, kutibu, kupokea mgeni. Mimi naona hapo ndipo thamani yake ilipo. Kitereza alijua kwamba neno likitajwa bila kazi yake ni chipsi bila gogo. Kwa hiyo aliandika kazi nzima, na neno likapata pa kukaa.

Nimalizie na Kyerwa. Huko, tangu wakati wa Waingereza, watu huchimba madini ya bati. Mwamba hupasuliwa, hupondwa, huoshwa, mpaka punje nzito nyeusi zibaki. Sehemu kubwa ya bati la dunia huishia kwenye risasi ya kulehemu, ile inayozishikilia chipu kwenye ubao wa sakiti. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba katika simu iliyo mfukoni mwa msomaji, kibanzi cha silikoni kimeshikwa na tone la bati lililotoka kwenye vilima vya Kyerwa. Kitu chetu kimo ndani ya mashine. Neno letu halimo. Na hapa, tofauti na kwenye kiazi, sioni cha kutuzuia. Chipu bado haijazaa chochote katika Kiswahili, na hakuna anayeila. Kuiita kibanzi hakumchomi mtu ulimi, na kungemfundisha mtoto wa Murongo kwamba mashine ile ilianza pale pale panapoanzia obwato: kwenye kitu kizima na mkono unaokikata.

Hilo ni pendekezo tu, na maneno hayatii amri. Lakini ushairi wetu unaweza kulijaribu kabla ya kamati kukutana. Novemba 1861, Speke na Grant walipoingia kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwatangulia, kimebebwa na misafara iliyotoka Unguja ikapita Tabora. Walikibeba wachukuzi na wafanyabiashara, bila kamusi. Kilikaa kwa sababu kilifanya kazi. Miaka zaidi ya 160 imepita, na kinaendelea kufanya kazi pale njia panda, kwenye kikaango cha kijana asiyemwomba mtu ruhusa.

Nilipomaliza kula, nilikuwa bado na kijiti mkononi. Kijana alinyoosha mkono akichukue akitupe pamoja na karatasi. Nikamuuliza, kwa Kinyambo hiki kinaitwaje? Alifikiri. Akacheka, akamgeukia mama aliyekuwa akimenya ndizi nyuma yake, akamuuliza kwa lugha yao. Yule mama alijibu bila kuinua macho, maganda yakiendelea kuanguka miguuni pake. Kijana akalirudia neno lile polepole, mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu cha babu yake.